Mpaka Jembe Liishe

Wapangaji wa Majengo hunijia siku hizi. Mwenye nyumba kawafungia choo, mwenye nyumba kamtolea mtu godoro nje mvua inanyesha. "Shikamoo bibi, tufanyeje?" Hawanijii kwa kuwa nimesoma sheria. Herufi zenyewe nilijifunza ukubwani, kule misheni, nimebanana benchi moja na watoto walionicheka mpaka wakachoka. Wananijia kwa sababu kuna uvumi mjini kwamba kuna bikizee aliyewahi kumshinda mwenye ardhi mbele ya Mjerumani. Uvumi huo ni kweli nusu. Mimi huwauliza swali moja tu: siku ya kwanza alikupa nini mkononi, na alisema neno gani? Hawakumbuki. Matusi ya juzi wanayo yote, neno la siku ya kwanza hawana.

Mimi langu ninalo, na limenigharimu.

Kwetu ni mteremkoni, upande wa Matogoro, chini kuna kijito, na njia ya kwenda Lusewa inapita hapo kijitoni. Niliolewa pale kabla ya vita. Mume wangu alikuwa mchonga mipini ya majembe. Alikuwa amewahi kwenda Kilwa na misafara, akarudi na Kiswahili kingi na tabia ya kunifundisha nikitwanga. Nikikosea alikuwa anacheka, nami nilikuwa nakosea makusudi nipate kumsikia akicheka. Mipini yake ilijulikana. Alipokuwa akimenya gome la mti, aliacha pete moja ya gome juu kabisa, karibu na pale chuma kinapoingia. Mama yake alimwambia ni uvivu, hakumaliza kazi. Yeye akasema ni pete ya ndoa ya jembe. Mtu mwenye maneno kama hayo utamchukia vipi?

Vikaja vita vya maji. Sitavieleza sana, kila nyumba ya Songea ina vyake. Wanaume walikunywa dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji, nazo hazikugeuka. Waliokamatwa walinyongwa bomani. Nyumba zilichomwa na vihenge vya ulezi vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Tulikimbilia porini, mimi, mume wangu na mama mkwe, tukawa tunachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, tukila tunatazamana nani anakula kidogo ili mwenzake apate.

Ikafika siku tukasikia askari wa Mjerumani wanatafuta wanaume waliobaki. Mume wangu akaamua kuvuka Ruvuma, aende ng'ambo kwa Mreno mpaka mambo yatulie. Alikuwa amechonga mpini kule porini bila chuma cha kuutia, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Akanipa. Akasema, "Mkirudi nyumbani, msihame. Mimi nitakuja na njia ya Lusewa, nitapanda kutoka kijitoni. Nikukute hapo hapo."

Nikamjibu, "Nikuhamie wapi mie?"

Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Ningejua, ningetafuta lenye utamu zaidi.

Tuliporudi mteremkoni tulimkuta mtu ameketi kwenye kiti cha kukunja, mahali palipokuwa zizi letu. Alikuwa mtu wa pwani, aliyekuwa askari wa Mjerumani, na tulimwita Shaushi kwa cheo chake. Serikali ilikuwa imesema ardhi ile haina mwenyewe, ikampa yeye kwa utumishi wake. Haina mwenyewe, na mashina ya nguzo za nyumba zetu yalikuwa bado meusi kwa moto.

Sitamsingizia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sala, ana sigida katika paji la uso, na alipotuona tulivyokonda aligeuza uso pembeni kwanza, ndipo akasema nasi. Tukae, akasema. Tujenge. Nyumba zitakuwa zetu, chini ni kwake. Kila mavuno tumpe sehemu, na wakati wa kulima tukamsaidie shamba lake. Boma lilikuwa limempa majembe ya chuma agawe, watu walime njaa iishe, naye akaita nyumba moja moja na kutia jembe katika kila mkono. Akatabasamu na kusema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Kwake yeye ilikuwa methali ya kuchekesha wanawake wenye njaa. Mama mkwe wangu alipiga magoti.

Inabidi nieleze hapa, maana ndipo kila kitu kilipozaliwa. Kwetu, zamani, mtu akija kuomba mahali alikwenda kwa nduna, yule mkubwa wa eneo aliye chini ya nkosi, mfalme wetu. Nduna akikubali, alimpa jembe mbele ya watu, akamwonyesha mahali, akasema: lima mpaka jembe liishe. Basi. Hapo umekuwa mtu wa pale, wewe na watoto wako. Hakuna aliyewahi kungoja jembe liishe kweli. Likiisha unachukua lingine, unaendelea. Ni namna yetu ya kusema maisha yote. Kwa hiyo mama mkwe alipopokea jembe mkononi mwa Shaushi, moyoni mwake alikuwa amerudishiwa mteremko wake. Alinikabidhi chuma akilia. Nikakitia kwenye mpini ule wenye pete ya gome, kikakaa sawasawa.

Tukalima. Njaa ikapungua, nyumba zikasimama. Kila jioni nilikwenda kijitoni kuchota maji hata kama mtungi umejaa. Mama mkwe aliona. Siku nyingine nilimkuta naye huko, anaosha mboga zilizokwisha kuoshwa.

Mambo yaliharibika Shaushi alipopata ng'ombe. Alitaka malisho. Nilikwenda kuwatazama walipoletwa, nikajua rangi zao. Mmoja mwenye baka jeupe begani alikuwa mtoto wa ng'ombe wetu. Ndio hao tuliotakiwa kuwapisha. Shaushi alitujia kwa adabu zake, akasema baada ya mavuno tutafute mahali pengine, nchi ni pana. Nchi ilikuwa pana kweli, kwa wasiomngoja mtu.

Wanawake wenzangu walilia. Mimi sikulia, nilikasirika, na hasira yangu ina faida kuliko machozi yangu. Nikawaambia twende bomani tukaombe shauri. Wanaume wazima mteremkoni hawakuwepo wa kutusemea, waliobaki ni wazee wawili, mmoja hasikii na mwingine hasemi bila kukohoa. Tukaenda wenyewe, kila mmoja na jembe lake begani. Askari wa mlangoni alidhani tumekuja kupigana.

Bwana mkubwa, Mjerumani mwenyewe, alikaa barazani. Alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua. Kando yake alisimama mkalimani. Shaushi alivaa kanzu safi, akasalimia, akaeleza mambo yake vizuri: aliwaazima majembe, akawaazima na mahali, sasa anataka mahali pake. Mkalimani akatugeukia. Kabla hajafungua kinywa nikasema kwa Kiswahili, kile cha kwenye kinu, "Aulizwe, siku ile anatupa majembe alisema neno gani."

Bwana mkubwa alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akitaja jina lake. Lakini akamuuliza.

Shaushi alitazama majembe begani mwetu. Angeweza kusema hakumbuki, na nani angetusikiliza sisi? Akagusa paji lake la uso, akasema, "Nilisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Mkalimani akafasiri. Bwana mkubwa akacheka. "Na siku ya nne?"

"Siku ya nne methali haisemi, bwana."

Hapo wenzangu wakaanza kunong'onezana, na mimi nikaanza kuota. Niliona kabisa mtu akipanda kutoka kijitoni. Bwana mkubwa akamwelekea mama mkwe wangu, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mzee, akaamuru aulizwe: desturi yenu ninyi, mtu akipewa jembe anakaa mpaka lini?

Mama mkwe alisimama, akajifunga nguo yake vizuri. Akajibu kwa Kingoni, kwa sauti ya kupendeza, kama anasema mbele ya nduna mwenyewe: mpaka jembe liishe.

Mkalimani akafasiri neno kwa neno. Sikuweza kumshika ulimi. Bwana mkubwa akapiga meza kwa kiganja, amefurahi kupata jambo lenye mwanzo na mwisho. "Vizuri. Wakae mpaka majembe yaishe. Jembe la nyumba likiisha, nyumba hiyo iondoke. Shauri limekwisha."

Mama mkwe alicheka njia nzima. Alinishika mkono akinisifu ulimi wangu, akasema mwanawe alioa mtu. Tulipofika kijitoni nikamketisha juu ya jiwe, nikamweleza Mzungu alivyosikia.

"Lakini jembe haliishi," akasema.

"Kwetu haliishi, Mama. Kwao ni chuma."

Akalitazama jembe begani mwangu. Tulikuwa tumelitumia misimu miwili, na kona moja ilikuwa imekwisha kulika.

Basi tukawa watu wa ajabu. Sijui kama kuna wapangaji wengine duniani walioishi hivi. Chuma tulikipaka mafuta ya nyonyo kisipate kutu, tukakitundika juu ya moshi, tukachonga majembe ya mti kama walivyotumia wazee zamani, tukalima kwa hayo mpaka viganja vikachubuka. Shaushi akagundua. Akasema jembe la kutundikwa ni jembe lililokataliwa, anayelikataa na aondoke. Akaanza kupita kukagua. Ikawa akionekana kule juu mtoto anapiga mluzi, tunatupa miti kwenye nyasi na kushika chuma, tunakwaruza udongo laini kwa upole kama tunamkuna mgonjwa mgongo.

Jirani yangu mmoja jembe lake lilikuwa la chuma kibaya, likaisha mapema. Alikuja kwangu ameshafunga mizigo. Nikamwambia afungue. Kuanzia siku hiyo Shaushi alipokagua shamba la kwanza, jembe zima lilipitishwa nyuma ya ulezi likamfikia wa pili, likamfikia wa tatu. Mtu mzima yule, aliyepigana vita vingi, alikagua jembe moja shamba baada ya shamba na kulisifu kila mara. Tulicheka kwa siri mpaka mbavu zikauma. Huo ndio ukweli wa siku zile, tulicheka pia. Tena nadhani alijua. Siku moja aliniambia, "Hili jembe lina mapacha wengi." Nikamjibu mvua ilikuwa nzuri mwaka huo.

Nilikuwa bado msichana, jamani. Watu walikuja kuniposa, wenye mbuzi na wenye maneno. Mama mkwe mwenyewe aliniambia niolewe, asije akanila ujana. Nikamwambia nikiolewa nitahama. Sikumwambia yaliyobaki: kwamba nilikuwa nalala nimeshika mpini, kwamba gome lile nililijua kwa kidole gumba kuliko nilivyoujua uso wangu, na kwamba nilianza kusahau sauti yake na nikaogopa. Kicheko nilikikumbuka. Sauti ilikuwa inaondoka.

Mama mkwe alifariki kiangazi, ardhi ngumu. Aliomba azikwe mteremkoni, juu, panapoonekana kijito. Tulianza kuchimba kwa majembe ya mti, yakavunjika moja baada ya jingine, na shimo likiwa bado fupi, la aibu, fisi angelifukua bila kutoka jasho. Nikaingia ndani nikateremsha chuma. Wenzangu wakanitazama. Hakuna aliyenizuia, na hakuna aliyenihimiza. Nilichimba mwenyewe. Nililia, na nilichimba, nikiomba kwa kila aliye juu na kwa mizimu ya kwetu jiwe lisitokee. Likatokea. Chuma kikakatika katikati, mlio wake nausikia mpaka sasa.

Shaushi alikuja mazishini. Jirani ni jirani. Alitia udongo kwa mikono yake, akapangusa viganja, halafu akaona nilichoshika.

"Jembe limeisha," akasema taratibu.

"Limekatika, Bwana Shaushi. Halijaisha. Kilichoisha hakishikiki, na hiki ninacho mkononi."

"Hilo si jembe tena. Ni kijembe."

"Vijembe ninavyo vingi, vingine viko mdomoni. Utavimaliza lini?"

Wanawake waliinamisha nyuso. Yeye aliangalia kaburi, akaangalia kipande cha chuma, akaniangalia mimi niliyejaa vumbi mpaka kope. Akasema, "Unamngoja nani hapa, mama?" Hakuwahi kuniuliza, miaka yote ile. Nikamwambia. Alitikisa kichwa, akaondoka polepole kupanda juu, na toka siku hiyo hakukagua jembe la mtu. Ng'ombe wake aliwapeleka bondeni.

Kisha vikaja vita vyao wenyewe, Wazungu kwa Wazungu. Mjerumani akaondoka na Shaushi akaondoka naye, hakurudi. Wageni wapya hawakujua habari za majembe. Mteremko ukabaki kwetu bila mtu kusema chochote, na ndipo uvumi ulipoanza kwamba nilimshinda Mjerumani. Nilishinda, ndiyo. Nikakaa. Njia ya kijitoni ikapitwa na watu wa kila aina, wauza chumvi, wagonjwa wa misheni, mbuzi, nikawajua kwa hatua zao kabla hawajatokeza.

Nywele zangu zilikuwa zimeanza mvi siku niliyomwona Myao mmoja sokoni, mfanyabiashara kutoka upande wa Tunduru. Alikuwa amelaza jembe juu ya mzigo wake. Juu ya mpini, karibu na chuma, palikuwa na pete ya gome.

Nilitia kidole gumba pale bila kuomba ruhusa. Nikauliza ameupata wapi.

"Nakapanya, mama. Barabarani pale. Marehemu alikuwa na mkono mzuri, mipini yake haichubui."

Alisema marehemu kama anavyosema mtu yeyote, akiendelea kupanga bidhaa zake. Nikaketi chini sokoni. Akaogopa, akaniletea maji, ndipo akanieleza anachokijua. Fundi yule hakuwa mtu wa kwao, alitokea ng'ambo ya Ruvuma. Alisema kwao ni Songea. Kuna wakati alifunga safari kurudi, akafika Lusewa. Hapo akakutana na watu waliotoka bomani, wakamwambia watu wa mteremko ule wamepigwa shauri na mwenye ardhi, wamefukuzwa, na hakuna ajuaye walikokwenda. Akarudi nyuma. Akakaa Nakapanya njiani, akawa anawauliza wapitao. Hakuoa. Mwaka uliopita homa ilimchukua, Mungu amrehemu.

Wamepigwa shauri. Hilo lilifika Lusewa. Kwamba tulibaki, hilo halikufika, kwa sababu anayefukuzwa hutembea na habari yake, na sisi tuliobaki tulikuwa nyumbani, tunapaka majembe mafuta. Natamani ningemtuma mtu mmoja tu. Natamani ningeifuata njia ile mwenyewe hata nusu yake. Lakini nilikuwa nimeahidi nisihame, na nilishika ahadi kwa meno.

Yule Myao aliniachia mpini. Alikataa chochote nilichompa.

Kwa hiyo wapangaji wa Majengo wakija na kesi zao nawasikiliza, nawafundisha la kusema, na wengi wanashinda. Wakitaka kuondoka nawasimamisha mlangoni. Nawaambia mkishinda, msikae kimya ndani. Tokeni mkawaambie watu mpo. Wanadhani ni uzee unanisemesha.

Kipande cha chuma nimekitia kwenye mpini wa Nakapanya, kimekaa sawasawa. Asubuhi nalimia mboga pale juu, karibu na kaburi la mama mkwe, na nikisikia hatua kijitoni bado nainua kichwa.